Kompendio ya Mafundisho Jamii ya Kanisa mikononi mwa kamati ya parokia: ina nguvu wapi, inakwama wapi

Kikundi kinachofungua Kompendio ya Mafundisho Jamii ya Kanisa na kuanza na namba 1 mara nyingi hakifiki namba 100. Tusiuite huo uvivu. Kitabu, ambacho ni muhtasari wa mafundisho ya Kanisa Katoliki juu ya maisha ya jamii, kina aya 583 zenye namba, na sura tatu za mwanzo ni teolojia nzito: mpango wa upendo wa Mungu, utume wa Kanisa, utu na haki za binadamu. Watu waliokuja kwa sababu halmashauri yao imekaa kimya juu ya jambo linalowaumiza wanasikiliza kurasa ishirini, wanaangaliana, na kikao kinachofuata wanakuja wanne. Kosa ni la aliyepanga usomaji. Kompendio ni kitabu cha rejea, na anayeitumia kama kitabu cha rejea hatajuta.

Ilitoka mwaka 2004 kwa ombi la Papa Yohane Paulo II. Aliyeiwekea misingi ni Kardinali François-Xavier Nguyễn Văn Thuận, rais wa Baraza la Kipapa la Haki na Amani, aliyefariki mwaka 2002 kazi ikiwa haijakamilika. Mrithi wake, Kardinali Renato Raffaele Martino, ndiye aliyeifikisha mwisho. Ndani yake wamekusanya yaliyofundishwa tangu waraka Rerum novarum wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891: nyaraka za Mapapa, Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia), hotuba, na maandiko ya ofisi za Kiti Kitakatifu. Toleo la mtandaoni linapatikana bure kwenye tovuti ya Vatikano, na namba ni zilezile katika lugha zote. Jambo hili la namba linaonekana dogo, lakini mwenye toleo la Kiingereza, mwenye la Kifaransa na mwenye la Kireno wanaweza kukaa meza moja. Ukisema "namba 189" kila mmoja anafika palepale.

Kwa kikundi cha watu wa kawaida, mlango wa kuingilia ni sura ya nne, namba 160 hadi 208. Hapo ndipo zilipo kanuni: manufaa ya wote, mali za dunia kuwa kwa ajili ya watu wote, auni, ushirikishwaji, mshikamano. Kurasa hizi zimeandikwa kwa uangalifu ambao hauonekani mpaka uzisome mara ya pili. Namba 166, kwa mfano, haiishii kusema "manufaa ya wote" kama wasemavyo wagombea jukwaani. Inataja vitu kwa majina: amani, mfumo wa sheria ulio imara, mazingira, chakula, makazi, kazi, elimu, usafiri, huduma za msingi za afya, uhuru wa mawasiliano, uhuru wa dini. Kamati inaweza kuichukua kama ilivyo, ikaipitisha kwenye mtaa wake, na kuuliza kipi kipo na kipi hakipo. Namba 169 inaongeza jambo ambalo wengi hulisahau baada ya uchaguzi: wenye madaraka wanapaswa kutazama manufaa ya watu wote, walio wachache wakiwemo, na si matakwa ya walio wengi peke yake.

Auni ndiyo kanuni inayoeleweka vibaya kuliko zote, na hapa Kompendio inasaidia kweli, namba 185 hadi 188. Kiini chake kimetoka kwenye waraka wa Kipapa Quadragesimo anno wa mwaka 1931: lile ambalo watu au chombo cha chini kinaweza kulifanya, chombo cha juu kisikinyang'anye. Wengi huishia hapo, wakadhani maana yake ni serikali ikae mbali. Kumbe neno lenyewe limebeba kusaidia. Chombo cha juu kina wajibu wa kukipa cha chini nguvu ya kufanya kazi yake, na namba 188 inakiri kwamba yapo mazingira ambapo dola inalazimika kuingilia kati, ilimradi isigeuze dharura kuwa desturi. Kwa kamati ya mtaa, maana yake ni kuuliza maswali mawili kabla ya kuandika barua yoyote: je, jambo hili tunaliweza wenyewe? Kama hatuliwezi, ni ofisi ipi iliyo karibu zaidi inayoliweza? Barua nyingi zinapotea kwa sababu zimepelekwa kwa waziri ilhali mwenye kalamu ya kusaini ni ofisa wa kata.

Kutoka sura ya nne rukeni hadi sura ya nane, inayohusu jumuiya ya kisiasa, namba 377 hadi 427. Sura hii peke yake inatosha kukifanya kitabu kiwe cha thamani. Namba 411 inasema wazi kwamba rushwa ya kisiasa ni mojawapo ya kasoro kubwa kabisa za demokrasia, kwa kuwa inasaliti maadili na haki kwa pamoja, inavunja imani ya wananchi kwa vyombo vyao, na kuwafanya wenye uwezo wa kushawishi wapewe kile ambacho wananchi wengine wananyimwa. Namba 412 inawageukia watumishi wa umma: wapo kwa ajili ya kumhudumia mwananchi, na urasimu uliopita kiasi ni ugonjwa. Namba 414 hadi 416 ni kuhusu habari, maana bila habari sahihi ushirikishwaji unabaki jina tu. Namba 399 inaeleza lini dhamiri haimfungi raia kutii amri ya mamlaka, jambo ambalo Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo inaligusa kwenye namba 2242. Wanaotaka kuzungumzia bajeti ya halmashauri warudi nyuma kidogo hadi namba 355: kulipa kodi ni sehemu ya mshikamano, kodi yenyewe iwe ya haki, na fedha za umma zisimamiwe kwa umakini na uadilifu. Ni namba moja tu, na haimwachi mlipa kodi wala mkusanya kodi.

Halafu sura ya kumi na mbili, ya mwisho, juu ya utendaji. Namba 547 inaeleza busara kwa hatua tatu: kuchunguza jambo na kutafuta ushauri, kulipima kwa nuru ya mpango wa Mungu, kisha kuamua. Namba 568 inaitumia njia hiyohiyo kwenye siasa na kuongeza kwamba uamuzi wowote utakaofikiwa usipewe hadhi ya ukweli usioguswa, kwa sababu hakuna tatizo linalomalizika moja kwa moja. Waliolelewa kwenye utume wa vijana watazitambua hatua hizi: ni Ona, Amua, Tenda, njia iliyoenezwa na padre Mbelgiji Joseph Cardijn na kupokelewa rasmi na Papa Yohane XXIII katika waraka Mater et Magistra wa mwaka 1961, namba 236.

Tuichukue kazi moja, tuone kitabu kinavyofanya kazi mezani. Halmashauri inataka kuhamishia dampo la taka kwenye kiwanja kilicho jirani na nyumba za watu wenye kipato cha chini. Kamati ina watu kumi na dakika tisini.

Wiki mbili kabla ya kikao, watu wawili wanatumwa kutafuta habari, na wanatumwa wakiwa na orodha: mchoro wa kiwanja, muhtasari wa kikao kilichopitisha wazo, tarehe ya uamuzi wa mwisho, mmiliki wa ardhi, idadi ya kaya zilizo karibu, vyanzo vya maji vilivyo chini ya mteremko, upande unakovuma upepo, njia watakayopita malori na saa watakazopita. Je, tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika? Nani aliifanya? Yote yaingie kwenye ukurasa mmoja. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoanguka. Vinafika kikaoni na hasira ya haki lakini bila tarehe, na baadaye vinagundua kwamba muda wa kuwasilisha pingamizi uliisha siku tatu zilizopita. Kompendio haiwezi kukufanyia kazi hii. Haina mtaa wako ndani yake.

Kikaoni, dakika thelathini na tano za kwanza ni za ukurasa huo. Msimamizi azuie maoni. Atakayeanza "mimi naona" aombwe kusubiri. Kila taarifa iambatane na ilikotoka, na isiyo na chanzo iandikwe pembeni kama swali. Dakika thelathini zinazofuata ndiyo zamu ya kitabu, na namba zisizidi tatu. Kwa jambo hili tungechagua 482, inayosema mgogoro wa mazingira unawaumiza maskini zaidi ya wengine. 469, juu ya tahadhari pale ambapo ushahidi wa kisayansi bado ni haba au unapingana. Na 189, kwamba kushiriki katika maamuzi ni wajibu wa kila mmoja kwa ajili ya manufaa ya wote. Namba isomwe kwa sauti mara mbili, kimya cha dakika moja kifuate, kisha swali moja tu: neno hili linasema nini juu ya ukurasa tuliousoma? Zikizidi tatu, watu wanaanza kujadili kitabu na dampo linasahaulika.

Isomeni 469 hadi mwisho. Mara nyingi inanukuliwa nusu, kana kwamba tahadhari ni kukataa kila kitu. Inachodai ni uamuzi wa muda unaoweza kurekebishwa taarifa mpya zikipatikana, uwiano kati ya hatua na hatari, kulinganisha faida na madhara ya kila chaguo, hata chaguo la kutokufanya lolote, na uwazi. Kamati iliyoisoma yote italazimika kujibu swali gumu ambalo halmashauri italiuliza kwa hakika: kama si hapa, taka ziende wapi? Kusukuma dampo likaangukie maskini wengine si mshikamano.

Dakika ishirini na tano za mwisho ni za kutenda, na kila kazi iwe na jina la mtu na tarehe. Barua kwa halmashauri iwe ukurasa mmoja, iombe jambo moja, itaje sheria inayohusika, idadi ya kaya na tarehe ya kujibiwa. Namba za Kompendio zisiingie humo. Ofisa hafungwi na namba 482, na pengine si Mkatoliki. Hoja ya utu na haki anaielewa bila hizo. Kompendio yenyewe, kwenye namba 12, inasema imeandikwa pia kwa ajili ya Wakristo wa makanisa mengine, wafuasi wa dini nyingine na watu wote wenye mapenzi mema. Kwa hiyo saini za majirani wote zitafutwe, wa imani zote, kabla mtu hajafikiria muhuri wa parokia.

Na juu ya muhuri huo pawe na umakini. Mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa, ana haki ya kutoa maoni ya kiraia, lakini Sheria za Kanisa, kanuni ya 227, zinamtaka asiyatoe maoni yake binafsi kama mafundisho ya Kanisa katika mambo yanayoruhusu mitazamo tofauti. "Maskini wasibebeshwe taka za wengine" ni kanuni. "Dampo lijengwe kiwanja namba fulani" ni tathmini, na Wakatoliki wawili wenye dhamiri njema wanaweza kutofautiana juu yake. Kompendio inaichora tofauti hii vizuri, ila imeitawanya kwenye namba nyingi, na msomaji wa haraka anaikosa. Ndiyo maana wapo wanaonyanyua kitabu hiki hewani wakati wa kampeni, kana kwamba kimetaja chama chao. Wafungue namba 573: kudai kwamba chama kimoja kinatimiza kikamilifu madai ya imani ni kosa la hatari. Mapadre nao wamewekewa mpaka: kanuni ya 285 inawakataza kushika nyadhifa zinazoshiriki mamlaka ya kiserikali, na ya 287 inawakataza kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa na uongozi wa vyama vya wafanyakazi, isipokuwa mamlaka ya Kanisa ikiona haja ya kulinda haki za Kanisa au manufaa ya wote. Kazi ya chama na kura ni ya walei, na ni wito wao hasa.

Sasa kasoro, nazo zipo.

Kubwa ni umri. Kitabu cha mwaka 2004 hakina nyaraka za Kipapa zilizofuata: si Caritas in veritate ya mwaka 2009, wala Laudato si' ya 2015, wala Fratelli tutti ya 2020. Katika suala la mazingira pengo hili linauma. Kwa lile dampo, Laudato si' namba 183 ina makali kuliko chochote kilicho kwenye sura ya kumi ya Kompendio: tathmini ya athari isije baada ya mradi kuandikwa, iwe sehemu ya kazi tangu mwanzo, iwe wazi na huru dhidi ya shinikizo la fedha na siasa, na wakazi wa eneo wawe na nafasi ya pekee mezani. Namba 179 ya waraka huohuo inasema wananchi wasipoidhibiti mamlaka ya kisiasa, hata ile ya manispaa, uharibifu wa mazingira hautadhibitika. Kikundi kinachoshughulikia maji, taka, misitu au madini kiwe na nyaraka zote mbili mezani. Kwenye maji, hata hivyo, Kompendio haijachakaa: namba 484 na 485 zinasema maji hayawezi kuchukuliwa kama bidhaa nyingine yoyote ya biashara, na kwamba kuyapata ni haki ya binadamu.

Ipo namba moja ambayo haipaswi kusomwa kikundini bila maelezo. Namba 405, juu ya adhabu ya kifo, inafuata mafundisho ya wakati ule: kwamba mazingira ya kuilazimu ni nadra mno, kama yapo kabisa. Mwezi Agosti 2018 namba 2267 ya Katekisimu ilibadilishwa kwa idhini ya Papa Fransisko, na sasa inasema adhabu hiyo haikubaliki. Andika hilo kwa kalamu pembeni mwa 405 siku hiyohiyo unayokipata kitabu. Kwenye namba 500 na 501, juu ya vita vya kujilinda, weka alama ya Fratelli tutti 258, ambako Papa Fransisko anasema leo ni vigumu sana kutegemea vigezo vya karne zilizopita kuzungumzia vita vya haki.

Jambo jingine ni uzito wa vyanzo. Waandishi wenyewe wanaonya kwenye namba 8 kwamba maandiko yaliyonukuliwa hayana mamlaka sawa, na kwamba kuyatumia mafundisho kwenye mazingira ya mahali ni kazi waliyowaachia Mabaraza ya Maaskofu. Lakini ndani ya aya, hati ya Mtaguso na hotuba ya siku moja zimekaa bega kwa bega, na lazima ushuke kwenye tanbihi kujua kipi ni kipi. Msomaji wa kikundi atumie dakika tano kabla ya kikao kufanya kazi hiyo. Na sehemu yoyote ya kitabu inapoonekana ya jumla mno, itafutwe barua ya kichungaji ya maaskofu wa nchi husika juu ya jambo lilelile. Mara nyingi ndiyo inayotaja mambo kwa majina yake.

Mtindo wa maandishi nao ni mgumu. Sentensi ni ndefu, nomino za dhahania zimepangana foleni, na mifano ni haba. Anayetafsiri papo kwa papo kikundini asifuate muundo wa sentensi, aseme wazo. "Auni" iambatane kila mara na mfano mmoja wa mtaa, la sivyo inabaki neno zuri tu. Kwa vijana ni bora kuanza na DOCAT, iliyotoka mwaka 2016 kwa mtindo wa maswali na majibu na dibaji ya Papa Fransisko, kisha kuipeleka hoja kwenye Kompendio kwa namba. DOCAT inasomeka haraka, ila ukifika kwenye mjadala na mwanasheria wa halmashauri au mhadhiri wa uchumi, utaihitaji Kompendio.

Faharasa ya mada mwishoni mwa chapa za karatasi ndiyo sehemu isiyosifiwa vya kutosha. Ni ndefu, imegawanywa kwa uangalifu, na ukitafuta "ujira" inakufikisha kwenye namba 302: makubaliano kati ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi peke yake kuufanya ujira uwe wa haki. Kwa chama cha wafanyakazi wa majumbani namba hiyo moja ni mazungumzo ya mwezi mzima. Anayenunua chapa ya karatasi ahakikishe faharasa ipo kabla ya kulipa. Toleo la mtandaoni ni ukurasa mmoja mrefu ajabu. Kwenye simu dhaifu linachelewa kufunguka, hivyo ni afadhali kunakili sura ya nne, ya nane na ya kumi na mbili, uzichape, na kuziacha kwenye jalada la kamati pamoja na ule ukurasa wa tarehe.

Kwa mtu mmoja anayetaka kusali na kutafakari peke yake, tungempa kwanza Katekisimu namba 1877 hadi 1948, kisha 2234 hadi 2246, ambamo ndani yake namba 2240 inataja kulipa kodi na kupiga kura kama wajibu wa dhamiri. Kwa kamati ya haki na amani yenye kazi mkononi, Kompendio inapata nyota nne kati ya tano. Ya tano inasubiri toleo jipya lenye 405 iliyosahihishwa na sura ya mazingira iliyoandikwa upya. Baraza la Kipapa lililoiandaa liliunganishwa mwaka 2017 na mengine kuunda chombo kipya cha Huduma ya Maendeleo Fungamani ya Binadamu, na kazi hiyo ni yao.

Kabla ya kikao chenu cha kwanza: someni 189 hadi 191 tu. Namba 191 inawataja wanaojadiliana na ofisi za umma ili wapate nafuu yao wenyewe, na wale ambao ushiriki wao unaanzia na kuishia kwenye sanduku la kura. Anayeongoza asome polepole, kisha anyamaze.